Tusifundishwe Kulala

Baada ya Idi ilisomwa barazani kwetu kazi ya beti kumi na mbili ya kulisifu basi la usiku. Mtunzi wake ni sahibu yangu wa miaka mingi, hodari wa vina na mizani, na kwa kuwa nakusudia kumshambulia hapa sitamtaja jina. Alikuwa amekwenda Mwanza kwa shughuli za biashara, akapanda Dar es Salaam jioni, akashuka huko kabla ya adhuhuri ya pili yake. Beti sita za mwanzo zilikuwa za kushukuru: siku nzima imeokolewa, fedha za nyumba ya wageni zimebaki mfukoni, jua halikumchoma. Beti sita za mwisho zilikuwa za kutufundisha sisi tusiojua. Chagua kiti cha katikati, usikae juu ya tairi wala nyuma kabisa. Chukua mto wa shingo. Jifunike kikoi, vaa soksi, ziba masikio kwa pamba, kula kidogo, kahawa iache. Mkoba wako ufunge mguuni. Ukifanya hayo, asema mshairi, utalala usingizi wa pono na utaamka umefika.

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, maana vina vilikuwa safi na hakuna mshororo uliopungua hata mizani moja. Lakini usiku ule nilipojilaza kitandani mwangu, kitanda kisichokwenda popote, nikahisi kwamba makofi yangu yalikuwa ya haraka. Shairi lile lilisema uongo. Mto husaidia, na kahawa huamsha, hayo ni kweli tupu. Uongo wake ni kwamba lilimweka abiria mahali pasipo pake. Lilimwambia: usipolala, kosa ni lako, hukujua namna.

Dai langu mimi ni hili, na nalitanguliza ili msomaji asipate taabu ya kulitafuta: kulala vizuri katika basi la usiku si elimu ya abiria. Abiria yuajua kulala tangu alipozaliwa. Usingizi wake safarini ni kitu anachopewa au anachonyimwa na wengine, nao ni mwenye basi, dereva, na yule mtoa leseni. Kumfundisha abiria kulala na kuwaacha hao watatu wapite zao ni sawa na kumfundisha mwenye njaa namna ya kutafuna.

Nitaambiwa, na pengine tayari nimeambiwa: wewe mtu wa kisiwani, ambaye barabara yako ni ya kutoka Mjini hadi Nungwi, una nini cha kutueleza juu ya mabasi ya usiku? Ni swali la haki. Walakini sisi watu wa visiwani twajua jambo moja juu ya kulala safarini ambalo watu wa bara wamelijua majuzi tu. Twajua kwamba anayelala chomboni amekabidhi roho yake kwa aliye macho. Usingizi wa abiria ni amana. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi waliifahamu amana hiyo hata wakaiwekea utaratibu, nao ni zamu. Mshika sukani ana zamu yake, na ikiisha hupokewa, na akishapokewa hulala. Halali huku akipakua shehena au kuhesabu nauli. Hulala, na mwenzake aliyeamka huwa ameamka kweli.

Na twajua pia amana ikivunjwa huwaje. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikienda Pemba, imebeba watu kupita kiasi chake. Mamia walikufa. Wengi walikuwa wamelala, wamejipanga sakafuni na juu ya mizigo yao, watoto wamepakatwa. Hakuna aliyefiwa siku ile aliyeulizwa kama maiti wake alijua kuchagua mahali pazuri pa kulala. Basi kwa nini wa barabarani aulizwe?

Sasa niseme nilivyosafiri. Binti yangu ameolewa Bunda, na wakwe zake kwao ni Guta, kando ya Ziwa Viktoria. Mjukuu alikuwa ametimiza miezi minne sijamwona. Nikavuka kwa boti, nikafika kituo cha Mbezi, kile kilichofunguliwa mwaka 2021 kikachukua nafasi ya Ubungo, na saa kumi za jioni basi likatoka. Kutoka hapo hadi Bunda, kwa njia ya Dodoma, Singida, Shinyanga na Bariadi, hata utokee Lamadi, ni kiasi cha kilomita 1,200. Nilikuwa na nakala ya shairi la sahibu yangu mfukoni na niliamua kulitii neno kwa neno. Kiti cha katikati, mto, kikoi, soksi, pamba.

Mpaka Morogoro palikuwa pazuri. Giza lilipoingia ikawashwa filamu. Waliopanda mabasi yetu wanazijua filamu hizi: wazungu au Wachina wanapigana, na juu yao sauti ya Mswahili mmoja anayetafsiri, kucheka, kutukana na kututangazia duka lake la kanda, yote kwa pumzi moja. Pamba ya masikioni haikuwa kitu mbele ya ulimi ule. Filamu ikaisha karibu na Dodoma ikafuatwa na muziki, nao ukaendelea hadi saa saba. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliomba sauti ipunguzwe. Utingo akamjibu kwa adabu kabisa, tena akamwita "mama yangu", kwamba muziki si wa abiria, ni wa dereva, ukizimwa atasinzia.

Nakuomba msomaji usome tena maneno hayo. Katika basi hilo watu zaidi ya hamsini walinyimwa usingizi ili mmoja asilale, naye ndiye pekee aliyepaswa kuwa amelala jana yake.

Dodoma waliingia wengine waliokuwa hawana viti. Wakakalishwa njiani katikati, juu ya ndoo zilizofunikwa, na kijana mmoja akalaza kichwa begani kwangu hata Singida. Sikumlaumu, alikuwa amechoka kuliko mimi. Matuta nayo hayakuhesabika. Kila kijiji kina yake, na kila tuta ni kengele. Kiasi cha saa tisa za usiku basi lilisimama porini ili watu "wachimbe dawa". Wanaume waliteremka wakamaliza. Wanawake, na humo mlikuwa na bibi wa umri wa marehemu mama yangu, walizunguka upande wa pili wakiwa na kanga moja ya kukingana na simu moja ya kumulikia. Shairi la sahibu yangu halikuwa na ubeti wa jambo hili. Wala hatujasikia mshauri wa wasafiri akieleza mto wa shingo wamfaa nini mwanamke anayeogopa kunywa maji tangu asubuhi kwa sababu hajui basi litasimama wapi.

Lakini yote hayo ni karaha tu, na karaha husahaulika. Nisilolisahau ni hili. Tulipoipita Singida, kabla ya alfajiri, nilinyanyuka ili ninyooshe miguu, nikasogea mbele. Nikamwona dereva. Dirisha lake lilikuwa wazi na baridi ya nyanda zile yaingia yote. Alikuwa akijipaka maji usoni kwa mkono mmoja, kisha akitafuna karanga, kisha akijipiga paja. Nikauliza kwa upole dereva wa pili yu wapi. Utingo akanionyesha chini: pale penye ngazi ya mlango, kati ya mfuko wa viazi na kidumu cha mafuta, alikuwapo mtu mzima amejikunja kama mtoto tumboni, koti usoni. Ndiye aliyekuwa "amepumzika". Asubuhi huko Shinyanga tulipokunywa chai nilikaa naye. Nikamwuliza kama alilala. "Nililala kidogo, mzee. Juzi tulitoka huku, jana tukafika, leo tumegeuza." Alisema hivyo bila ya kulalamika. Kisha akaenda akashika usukani na mwenzake akashuka kwenye ngazi ile ile.

Sina elimu ya uganga, lakini kuna mambo yaliyopimwa na kujulikana. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wake wa kutenda hupungua kama wa mtu aliyekunywa pombe hata damu yake ikafika asilimia 0.05, nacho ni kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya humkataza mtu kuendesha gari. Yajulikana kadhalika kwamba mwili wa binadamu hudai usingizi kwa nguvu zake zote baina ya saa nane za usiku na saa kumi na moja alfajiri, hata kama mchana alilala. Na hesabu nyingine kila mtu aweza kuifanya mwenyewe: gari liendalo kilomita 80 kwa saa, dereva akipotewa na macho kwa sekunde nne tu, gari litakuwa limekwenda karibu mita 90 bila ya mtu ndani yake. Abiria hamsini, lakini mtu hakuna.

Ndiyo maana Ulaya, tangu sheria yao ya mwaka 2006, dereva akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa kawaida haruhusiwi kupita saa tisa za kuendesha kwa siku. Bali linalonivutia mimi ni neno dogo lililomo ndani ya sheria hiyo: mapumziko ya siku ya dereva yanaweza kuwa ndani ya gari ikiwa lina mahali pa kulala panapofaa, na ikiwa gari limesimama. Limesimama! Maana yake wamekiri kisheria kwamba usingizi wa ndani ya gari linalokwenda hauhesabiwi kuwa usingizi wa kumtosha mtu wa kazi. Sisi twamlaza mtu wa kazi kwenye ngazi, tena gari linakwenda, kisha twamwita dereva wa akiba.

Nisidhulumu. Nchi yetu haikukosa kanuni. Basi la safari ndefu latakiwa kuwa na madereva wawili. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, imeyafungia mabasi vifaa vya kufuatilia mwendo, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake anaposhika usukani. Ni hatua njema na nimeona faida yake, maana basi letu halikukimbia kiwazimu kama yalivyokuwa yakikimbia zamani. Ila kitufe chajua nani ameketi. Hakijui alilala wapi jana. Madereva wawili wasiolala hawafanyi dereva mmoja aliyelala.

Hapa atanidaka mtu na kusema: basi wewe wataka marufuku irudi. Sitaki. Naijua marufuku. Katika miaka ya 1990 serikali ilizuia mabasi kutembea usiku, kwa hofu ya ajali na ya majambazi, na zuio hilo lilidumu kwa namna mbalimbali karibu miaka thelathini, hata Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza bungeni kwamba mabasi yaruhusiwe kwenda saa 24, na Oktoba mwaka huo ruhusa ikaanza kutumika. Wanaoililia marufuku wameisahau. Basi likikutwa na saa ya mwisho liliegeshwa lilipo. Mwenye uwezo alitafuta chumba. Wengi walilala vitini, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi au yamefunguliwa kwa mbu, wakingoja alfajiri katika gari lisilokwenda. Kabla ya hapo, wakati barabara ya kati ilikuwa haijawekwa lami yote, mtu wa Mara au Mwanza aliyetoka Dar es Salaam alipitia Arusha, Namanga, Nairobi, kisha akarudi nchini kwake kwa mlango wa Sirari, hati ya kusafiria mkononi kana kwamba aenda ugenini. Watu wa ziwani wamesubiri mengi. Kuwapa usiku ni kuwapa haki yao.

Na giza lenyewe silo muuaji. Tarehe 5 Septemba 2014, mchana kweupe, mabasi mawili yaligongana Sabasaba, si mbali na Musoma, wakafa watu zaidi ya thelathini. Marufuku ilikuwapo, jua lilikuwapo. Jirani zetu wa Kenya nao walizuia safari za usiku baada ya ajali ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017, ilipokufa roho 36, kisha mwaka uliofuata wakazifungua tena, kwa sababu nchi haiwezi kulala kwa amri. Anayefunga usiku huacha lile lile lililoua likae kando likingoja mchana.

Wako tena wanaosema dawa ni fedha: nunua viti vipana, viwili kwa viwili, vinavyolala nyuma, vyenye kiyoyozi. Mabasi hayo yapo na ni mazuri, na aliye na nauli yake na apande. Lakini hata kitanda kamili hakiokoi. China ilikuwa na mabasi ya vitanda kwa maelfu, watu wakilala wamenyooka kama majumbani kwao, na mwaka 2012 ikasimamisha usajili wa mapya baada ya ajali mbaya. Abiria alilala vizuri kabisa, na hilo halikumzuia asichomeke.

Mwenye basi naye ana neno lake, na sitaki nimfanye shetani. Nauli yake ina kikomo kilichowekwa na mamlaka. Dereva wa tatu ni mshahara wa tatu. Basi likilala Bunda siku nzima ili madereva walale, ni siku moja isiyoleta kitu. Nimeyasikia hayo na nayakubali kuwa ni hesabu. Lakini hesabu hiyo sasa hulipwa na nani? Hulipwa na yule aliyejikunja ngazini. Madereva waligoma Aprili 2015, mabasi yakasimama nchi nzima, na moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya kazi. Asiye na mkataba hawezi kumwambia tajiri wake, "Leo sitageuza, sijalala." Atamwambia mara moja tu. Kwa hiyo, wale wanaotaka abiria alale salama wangeanza kwa kuuliza habari za karatasi ile ya ajira, kabla ya kuuliza habari za mito.

Nilifika Bunda adhuhuri na Guta nikafika baada ya sala. Sijui niliwaamkiaje watu. Namkumbuka mama wa nyumba, bibi wa mjukuu wangu kwa upande wa pili, alinishika mkono akanitazama machoni, akakataa kuniletea hata mtoto. "Baba, lala kwanza. Mtoto yupo, hakimbii." Akanipeleka chumba cha uani.

Katika chumba cha pili walikuwa wamelala vijana wake watatu. Wao huvua dagaa, na dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza, kwa taa zinazoelea juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi na wavuvi hupumzika. Siku zile zilikuwa za giza. Vijana walirudi asubuhi, wakala, wakalala. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuliona katika kilomita zote 1,200. Nyumba nzima ilikuwa ikitembea kwa ncha za vidole. Watoto walicheza nyuma ya mgomba wakinong'onezana. Aliyekuja kudai deni lake aliambiwa neno moja, "Wamelala," akageuka akaenda zake, deni na yote. Redio ya jirani ilipopanda sauti, mama hakwenda kugombana. Alimtuma mtoto na neno lile lile, na redio ikazimwa. Hapakuwa na kibao wala kitufe wala faini. Lakini kila mtu pale alijua kwamba aliyekesha kazini usingizi wake wa mchana ni sehemu ya kazi, na anayemwamsha kwa upuuzi leo amemzamisha kesho.

Jioni vijana walipoamka tukakaa ufukweni. Nikamwuliza mkubwa wao itakuwaje akienda ziwani bila ya kulala. Alinitazama kama niliyeuliza itakuwaje akienda bila ya mtumbwi. "Haiwezekani, mzee. Wenzangu hawatanichukua." Nataka msomaji alishike jibu hilo. Hakusema sheria itamkamata. Alisema wenzake, ambao nao roho zao zimo mtumbwini, watamwacha nchi kavu.

Ziwa hilo hilo, upande wa magharibi wa Guta, lina kisiwa cha Ukerewe, kwao Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na haikuchapwa kwa Kiswahili hata 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kufa kwake. Ndiko pia alikotoka Euphrase Kezilahabi, aliyetuchokoza sisi watu wa vina kwa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974. Ugomvi ule wa vina na usovina ulitumaliza wino wa miaka mingi, na mimi mwenyewe niliutia mafuta. Sijutii. Ila niliwaza pale ufukweni kwamba lau robo ya wino huo ungalimwagwa kuulizia yule mtu wa ngazini, pengine leo angalikuwa na godoro. Washairi wetu wa zamani hawakuona haya kuandika juu ya bei ya samaki, juu ya ushuru, juu ya chombo kilichopakiwa vibaya. Sisi tumepewa basi la usiku, na tukaliandikia beti sita za mto wa shingo.

Kwa hiyo nilimtungia sahibu yangu ubeti mmoja tu wa majibu, nikamtumia kwa simu ningali Guta:

Wanipa mto wa nini, na shingo yangu ni nzima?
Muulize wa sukani, jana alilala vyema?
Au yumo safarini, siku mbili yuko wima?
Nitalala kwa salama, akilala yeye kwanza.

Alinijibu usiku ule ule kwamba ubeti ni mzuri lakini abiria wa kawaida hana la kufanya. Dereva hamjui, mwenye basi hamwoni, LATRA iko mbali, na shingo inauma leo. Afadhali basi ashauriwe lile lililo katika uwezo wake. Hii ndiyo hoja yake yenye nguvu kuliko zote na nimeifikiria sana. Ni kweli kwamba mtu mmoja peke yake katika kiti cha katikati hana nguvu. Lakini basi ni watu hamsini waliokaa pamoja usiku kucha bila ya kusemezana, na kila mmoja ana pamba masikioni, kwa ushauri wetu. Wale vijana watatu wa Guta hawana nguvu kuliko sisi. Wana desturi ya kumwuliza mwenzao kabla ya kusukuma mtumbwi majini. Sisi twaweza kuuliza dirishani pa tiketi, fedha zikiwa bado mkononi mwetu: madereva wa leo walifika lini, na walilala wapi? Twaweza kutaka filamu izimwe saa nne, na dereva anayehitaji kelele ili akae macho ashuke apokewe. Twaweza kudai basi lisimame penye taa na choo, na kutoa ushahidi inapotakiwa. Hamsini wakiuliza kila usiku, tajiri atafanya hesabu upya. Yeye ni mtu wa hesabu. Viti viwili vya nyuma ya dereva visivyouzwa, vikawekewa godoro na pazia, ni nauli mbili. Namwomba atuambie kama roho hamsini hazifiki bei hiyo.

Siku ya tano nilirudi Bunda kukata tiketi ya kurudi. Dirishani alikuwapo binti mchangamfu, akaniamkia shikamoo kabla sijafungua kinywa. Nikaitikia, nikamwambia nataka kiti cha kesho. Kisha nikauliza: "Mwanangu, dereva wa pili wa basi hili hulala wapi?"

Aliacha kuandika. Akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama nje kwenye basi lililokuwa limeingia punde na lilikuwa tayari likifagiliwa ili litoke tena. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu saba au wanane, na mmoja wao, mama mwenye gunia la dagaa, akasogea mbele asikie jibu.

"Mzee," akasema binti, taratibu, "hilo hatujawahi kuulizwa."

"Basi mwulize," akasema yule mama. "Na mimi napanda hilo hilo."